Nani Akate Dakika 18?

LUKU iliisha katikati ya wimbo.

Ilikuwa Jumamosi jioni, mwezi wa saba, baridi ile ya Mbeya inayomlaza mtu na koti. Tulikuwa tumebanana kwenye chumba changu cha kurekodia kwaya pale Mwanjelwa. Siku za kazi chumba hicho hunipa ugali, na Jumamosi jioni hugeuka kijiwe cha wapenzi wa roki nzito, watu ambao mjini hapa tunaenea kwenye mabenchi mawili. Iron Maiden, bendi ya Uingereza, walikuwa wanapiga "Empire of the Clouds", wimbo wao wa dakika 18 juu ya ajali ya meli ya angani. Dakika ya kumi ilishapita, magitaa matatu yanafukuzana, mara sabufa ikanyamaza na kompyuta ikazima. Mita ilikuwa inalia tangu mchana, na kila mmoja aliamini mwenzake ameshanunua umeme.

Nusu ya chumba ikaguna. Nusu nyingine ikashusha pumzi.

"Afadhali," akasema fundi kutoka gizani. "Umeme umefanya kazi ya prodyuza."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini kauli ile nilikwenda nayo nyumbani Uyole, na wiki kadhaa baadaye ilikuwa bado inanitekenya kichwani. Mimi kukata nyimbo ndiyo kazi yangu. Kwaya ikija na wimbo wa dakika tisa ninawaambia bila haya kwamba ubeti wa nne unarudia wa pili, tuuache, na hakuna anayeniuliza nina haki gani. Sasa kwa nini wimbo wa dakika 18 wa Waingereza niuogope?

"Sijalipwa"

Fundi anatengeneza ampli na spika. Ana sikio ambalo mimi, na mashine zangu zote, silifikii. Ndiyo maana nilimfuata wiki ile kwa kisingizio cha spika iliyopasuka, nikamwambia anieleze vizuri.

"Kaka, mimi urefu siuogopi," akasema huku ameinamia kazi yake. "Chukua 'Mario' ya Franco. Inakaribia robo saa ile. Lakini wanakusimulia, wanakusimulia, halafu sebene inashuka, unalipwa chako. Huu wa kwako nimekaa. Nimesikiliza piano, nimesikiliza habari za puto, nimesubiri. Sijalipwa."

Nilikosa jibu, na nilijua kwa nini. Muziki wa dansi uliotulea sisi umejengwa hivyo: unavumilia masimulizi kwa sababu miguu inajua kuna kitu kinakuja. Mtunzi anakukopa uvumilivu, kisha anaurudisha na riba. Roki ndefu haijaweka saini kwenye mkataba huo. Inakutaka ukae tu.

Na kukaa tu, kusema kweli, hata mimi kunanishinda siku nyingine.

Kijiweni kuna dada mmoja anasoma uhandisi pale MUST, mdogo kuliko wote na mwenye ulimi mkali kuliko wote. Yeye lawama zake zilikuwa za aina nyingine kabisa. Ni mtu wa "Rime of the Ancient Mariner", wimbo wa bendi hiyohiyo wa mwaka 1984, dakika 13 na ushee, ambao mpiga besi Steve Harris aliutunga kutokana na shairi la Samuel Taylor Coleridge la mwaka 1798. Kwa miaka 31 hakuna wimbo wa bendi hiyo ulioufikia kwa urefu, mpaka mwimbaji Bruce Dickinson alipoleta huu wake mwaka 2015 kufungia albamu ya "The Book of Souls".

"Harris alipewa hadithi iliyokwisha kupimwa," alisema. "Coleridge alishaondoa cha kuondoa. Huyu Dickinson amechukua ajali ya kweli, na kila kipande chake amekipenda. Ni rubani, kaka. Ukimpa rubani habari za vitu vinavyoruka, atakutoa jasho."

Kuhusu urubani yuko sahihi. Dickinson ameendesha ndege za abiria kwa miaka. Na wimbo huu aliutunga peke yake, kwenye piano, akaipiga piano hiyo mwenyewe. Katika bendi iliyojengwa juu ya besi na magitaa matatu, hilo si jambo dogo. Unasikia mtu aliyeachwa na hadithi yake, hakuna wa kumvuta shati.

Beauvais, saa nane usiku

Ajali yenyewe ni hii. R101 ilikuwa meli ya angani ya serikali ya Uingereza: mwili mrefu wa fremu za chuma uliovishwa kitambaa, na ndani mifuko mikubwa ya haidrojeni. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 1930 iliondoka Cardington kuelekea Karachi, ipitie Ismailia, Misri. Usiku wa kuamkia tarehe 5, saa nane na dakika chache, ikagonga ardhi karibu na Beauvais, kaskazini mwa Paris, ikawaka moto. Ilibeba watu 54. Walikufa 48.

Mmoja wa waliokufa ni Lord Thomson, waziri wa mambo ya anga. Ndiye aliyeitaka safari ile kwa tarehe ile, afike India na kurudi London kabla mkutano wa viongozi wa dola haujaisha. Nani alithubutu kumwambia bosi kwamba chombo hakijawa tayari? Tunawajua mabosi wa namna hiyo. Tunazijua na shughuli za uzinduzi ambazo utepe hukatwa rangi haijakauka.

Kitu kilichonishtua zaidi nilikikuta nikiwa nasoma habari za chombo chenyewe. R101 ilikatwa. Ilipoonekana ni nzito kupita matarajio na uwezo wake wa kunyanyua ni mdogo, katika mwaka huohuo wa 1930 mafundi waliigawa katikati wakaingiza kipande kipya chenye mfuko mwingine wa gesi, ikafikia urefu wa mita 237. Kisha haikujaribiwa ipasavyo. Jaribio la kuiendesha kwa kasi yake yote halikufanyika, na cheti cha kuiruhusu kuruka kilitoka safari ikiwa mlangoni.

Wakati nasoma hayo, programu ya kuhariri sauti ilikuwa wazi pembeni, wimbo umelala kwenye skrini, kitufe cha kukatia kinanisubiri. Mimi si mtu wa ishara. Lakini niliinuka nikachemsha chai kwanza.

Kukata kwa mara ya kwanza

Nilianza na kile ambacho kila mtu angeanza nacho. Mwanzo.

"Empire of the Clouds" inaanza polepole kupita kiasi. Piano inazunguka peke yake, vinanda vya nyuzi vinaingia kwa adabu, bendi inakuja nyuma, na Dickinson bado hajafungua kinywa. Akianza kuimba, haimbi ajali. Anakueleza uzuri wa chombo, ukubwa wake, fahari ya watu waliokijenga. Mtu wa redio angeshabadilisha stesheni. Nikaondoa piano karibu yote, nikaondoa beti za fahari, nikaunganisha penye gitaa la kwanza zito. Eneo refu la katikati, lile la ala tupu ambalo mashabiki wanalipigania, sikuligusa. Wapiga gitaa Dave Murray, Adrian Smith na Janick Gers wabaki na uwanja wao.

Ikatoka kazi safi. Inakwenda mbio, ina nguvu, haina mahali pa kupiga miayo. Ukinipa kwa ujira wangu wa kawaida ningekukabidhi na risiti.

Nikampelekea Mwalimu.

Mwalimu alifundisha Kiswahili sekondari mpaka akastaafu. Siku hizi anaongoza kwaya ambayo nairekodi mara kwa mara. Roki haimhusu, lakini ni mtu wa heshima, akikubali kusikiliza anasikiliza. Nilimweleza kisa chote kwanza, kwa sababu Kiingereza cha kuimbwa hata anayekijua humpita. Nikawasha. Akatikisa kichwa kwa mdundo mpaka mwisho.

"Ndaga fijo," akasema, akishukuru kwa Kinyakyusa. "Vijana wanapiga. Sasa mwanangu, hiyo meli imeanguka wapi?"

Nikadhani ananitania. Hakuwa. Alisikia kelele, alisikia kelele zaidi, kisha piano ikarudi na wimbo ukaisha. Katika kelele zile zote hakuna iliyomwambia kwamba watu wamekufa.

Nikamwonyesha toleo zima, nikamwonyesha nilichokiondoa. Akasikiliza ule mwanzo wenye uvivu mpaka mwisho wake, akacheka kidogo.

"Umeondoa wino na karatasi," akasema.

Ilinichukua muda kumwelewa. Watunzi wa tenzi wa zamani hawakuingia kwenye kisa moja kwa moja. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamwita binti yake kwanza, anamwambia alete wino na karatasi, anamtaja Mungu na Mtume, ndipo usia unaanza. Mwanafunzi mvivu, na mimi nilikuwa mmoja wao, aliziruka beti hizo akidhani ni salamu tu. Kwa Mwalimu hapo ndipo msikilizaji anakalishwa. Asipokalishwa, utamwambia nini akakisikia?

Inyala

Bado sikuridhika. Maelezo ya Mwalimu yalikuwa mazuri, na maelezo mazuri huwa yananitia wasiwasi. Unaweza kuhalalisha uvivu wowote kwa kusema ni utangulizi.

Aliyenigeuza ni mzee wetu wa lori. Anabeba mizigo kati ya Tunduma na Dar, hivyo kijiweni tunampata kwa bahati, na akija hukaa karibu na mlango aione gari yake. Nikamweleza mabishano. Nikamchezea toleo langu lililokatwa, kisha lile zima. Mwanzo ulipokuwa unacheza, ule wa piano, alikuwa anatazama nje. Nikadhani amechoka.

"Huu ndio wenyewe," akasema. "Ule mwingine ni wa mtu ambaye hajawahi kupita Inyala."

Mtu wa Mbeya hahitaji kuelezwa mteremko wa Inyala na ajali zake.

"Ajali zote nilizozikuta barabarani," akaendelea, "ukimuuliza aliyepona, atakuanzia mbali. Atakwambia tulikula wapi, nani alikuwa amekaa dirishani, konda alikuwa anabishana na nani juu ya chenji. Wewe unataka kusikia breki. Yeye breki haimhusu bado. Kwake yeye ilikuwa safari tu, mpaka ikaacha kuwa safari. Ukimkata hapo mwanzoni ukamwambia nenda kwenye breki, atakuangalia hivi, atanyamaza."

Nilirudi kusoma tena habari za R101, safari hii nikiwatafuta abiria. Karibu saa sita usiku, saa mbili hivi kabla ya kuanguka, chombo kilituma ujumbe wa redio: abiria wamekula chakula cha jioni kizuri, wamevuta sigara ya mwisho, wameiona pwani ya Ufaransa, na sasa wamekwenda kulala. Ndani ya lile puto la haidrojeni kulikuwa na chumba cha kuvutia sigara. Kilijengwa kwa tahadhari, lakini kilikuwepo, na watu waliketi humo usiku ule wakavuta.

Soma tena ujumbe ule. Hauna breki.

Hapo nikaona kwamba fundi na mimi tulikuwa tunabishana tukiwa tumesimama upande mmoja. Yeye aliona mwanzo unachosha, na mimi nilikuwa nautetea kama mtu anayeomba radhi: vumilia kidogo, magitaa yanakuja. Wote tuliamini thamani iko kwenye magitaa. Tulipishana tu juu ya bei ya kuyafikia.

Kukata kwa mara ya pili

Nikarudisha mwanzo wote, hata sekunde sikuiacha. Kisha nikaingia katikati na mkasi.

Mashabiki wenzangu, shikeni viti. Lile eneo la ala tupu, lenye dhoruba na mwendo na magitaa yanayopokezana, linapungua bila kulia. Nilitoa zamu nzima za magitaa nikaunganisha mdundo kwa mdundo, mpiga drams Nicko McBrain akiwa amenisaidia bila kujua kwa jinsi anavyoshika tempo, na sikio langu halikuona kovu. Kuna mahali dhoruba inaigizwa mno. Gitaa linataka liwe upepo, drams zinataka ziwe mbingu, na baada ya muda ninawaona wanaume sita hodari studioni badala ya watu 54 angani. Toleo lile likawa na dakika kama 14. Meli inaondoka polepole, inapita kwenye hali mbaya kwa muda unaotosha, inaanguka.

Nikamchezea Mwalimu. Kabla sijasema neno, mahali penyewe palipofika, akainua kidole: "Hapa imeanguka."

Nilifurahi kuliko inavyostahili. Dada wa chuo akanishusha mara moja.

"Kaka, umemsikilizisha kisa hichohicho zaidi ya mara moja. Sasa hivi hata ukimpigia zumari atakwambia hapa imeanguka. Hicho si kipimo." Akaniangalia. "Halafu zamu ya Adrian Smith umeikata wewe kama nani?"

Hoja ya kwanza sina cha kuijibu; ana haki, na Mwalimu si mtu ninayeweza kumfuta kichwa nikaanza upya. Ya pili inanisumbua zaidi. Kevin Shirley, prodyuza wa albamu ile, alikuwepo studioni Paris mwaka 2014 na Harris mwenyewe akiwa prodyuza mwenzake, mwendo wa gari usio mrefu kutoka mahali R101 ilipoanguka, na wote walisikiliza wakaona dakika 18 zikae. Inawezekana walisikia kitu ambacho mimi hapa Mwanjelwa, na spika zangu za kwaya, sikisikii. Inawezekana pia hakuna aliyetaka kumwambia Dickinson. Bendi kubwa zina mabosi wake pia.

Ninachokiamini mimi ni hiki, na atakayepinga aje Jumamosi: wimbo huu umezidi dakika nne, na dakika hizo si zile ambazo watu wanalalamikia. Mahali unapochosha ndipo ulipo sahihi. Mahali unapopagawisha ndipo palipojaa mafuta. Na bado nikiwekewa toleo langu na toleo lao, usiku nikiwa peke yangu, ninachagua lao, pamoja na ile dhoruba ya maigizo. Siwezi kulieleza hilo kwa ufundi. Labda ni kwamba wimbo wa chombo kilichokatwa na kuharakishwa nikiukata na kuuharakisha mimi, najihisi nimekaa kiti cha waziri.

Flashi

Fundi alisikia kwamba kuna toleo la dakika 14, akaja na flashi yake siku hiyohiyo.

"Hilo ndilo nitakalosikiliza," akasema. "Mwanzo wako nimekubali kuuvumilia, mzee wa lori amenieleza. Lakini lile gulio la magitaa hapana."

Nikamnakilia, kwa sharti kwamba asimwambie mtu kuwa ndivyo Maiden walivyorekodi. Akaahidi. Akachomoa flashi, akasita mlangoni.

"Sasa nikatie na 'Rime'."

Dada wa chuo alikuwa amekaa nyuma yangu na daftari lake la chuo. Akalifunga.

"Ile sehemu ya katikati," fundi akaendelea, "mbao zinalia tu, besi inagusa moja moja, mtu anasoma shairi. Pale unatoa dakika mbili, hakuna atakayejua."

"Meli imekwama baharini, hakuna upepo, watu wanakufa kiu," akasema dada. "Unataka upepo uje mapema?"

"Dakika mbili tu, dada yangu."

"Zipi? Zitaje."

Fundi akarudi ndani, akavuta benchi, akaanza kuzitaja kutoka kichwani, na kila aliyoitaja dada aliikatalia kwa sababu yake. Nikawawekea wimbo ili angalau wabishane wakiusikia.